737 ya kulipia kwenye simuleta: ndege tamu, sapoti yao ndio imenitibua

Hii ndege naipenda na ndio maana nina hasira nayo. Ni Boeing 737-800 ya kulipia, ile unayoongeza kwenye simuleta ya kurusha ndege kwenye kompyuta, na mimi niliinunua kwa ajili ya kitu kimoja, kuwasha injini mwenyewe kwa mkono kuanzia kokpiti iko giza hamna hata taa. Kuruka hata za bure zinaruka.

Na kwenye kuwasha walikuwa wamepatia haswa. Unawasha APU, ile injini ndogo ya mkiani, pampu za mafuta on, paki za kiyoyozi unazima maana hewa yote inatakiwa iende kwenye stata, kile kifaa kinachoizungusha injini mpaka iwake, halafu swichi ya injini namba mbili unaipeleka GRD, sehemu ya kuwashia ukiwa chini. N2, yaani kasi ya mzunguko wa ndani ya injini, inaanza kupanda taratibu, ikifika asilimia 25 unainua liva ya mafuta, kidogo tu EGT, joto la gesi zinazotoka kwenye injini, inashtuka na unasikia moto umeshika. Ile swichi inashikiliwa na sumaku, N2 ikifika 56 inajiachia yenyewe, tak! Kuna usiku nilikuwa nafungua simuleta kwa ajili ya hiyo tak tu, nikishaisikia nazima nalala.

Sasa ikaja apdeti, sijui mwezi uliopita sijui ule mwingine, tangu hapo swichi ya namba mbili inajiachia N2 haijafika hata 40. Kuna watu wataona ni kitu kidogo, sio kidogo jamani, mafuta yameshaingia na yanawaka, stata imeacha kusukuma, injini bado haina nguvu ya kujizungusha na hewa inayopita ni chache, kwahiyo joto linapanda tu, 600, 650, 700, na kikomo wakati wa kuwasha ni nyuzi 725. Unashusha liva mbio, unasubiri N2 irudi chini ya 20 ndio urudishe swichi, unaanza upya, inajiachia palepale. Namba moja inawaka safi kabisa!

Nikawaandikia sapoti. Nimeeleza kila hatua, nimeweka na video inaonyesha swichi na N2 kwa pamoja. Jamaa kanijibu mstari mmoja, eti nibonyeze Ctrl+E injini zitawaka. Ctrl+E! Yaani njia ya mkato inayowasha kila kitu yenyewe huku wewe umekaa unaangalia. Nimekuuliza kwa nini stata inakata mapema, unaniambia nisiiguse stata? Nikamjibu kwa heshima, ndugu yangu mimi nawasha kwa utaratibu wa rubani, ndicho nilicholipia, akasema wateja wengi hawawashi kwa mkono, halafu tiketi, yaani lile lalamiko langu, akaifunga. Sasa kama hawawashi kwa mkono mlitengeneza zile swichi zote za nini, na tangazo lenu lote ni kokpiti?

Hapo nilikuwa nishaweka nyota moja, nataka niandike msinunue kabisa. Ila juzi juzi imetoka apdeti nyingine, kwenye maelezo yake hamna neno lolote kuhusu stata, nikajaribu bila matumaini, 40, 50, 56, tak. Nikazima nikawasha tena, tak. Zote mbili zikatulia, N1, kasi ya feni ya mbele, kwenye asilimia 20 na kitu, mngurumo uleule, aisee nilifurahi mno siwezi kuficha, hakuna ndege nyingine nimewahi kuwa nayo inayowaka hivi.

Lakini kumbe walijua! Wamerekebisha kimyakimya, na mimi ile tiketi bado imefungwa, hakuna aliyenirudia hata kusema tumeiona. Hilo ndilo siwasamehi. Nyota nimebadilisha nimeweka nne, ni za ndege, sapoti wasijihesabie hata moja. Kama unayo na namba mbili inakukatia hivyohivyo, weka hiyo apdeti mpya, usipoteze muda kuwaandikia.