Kuongea na mshauri kwa simu wakati wa korona: uzoefu wangu, chukua chati achana na vidio

Hii apu ya ushauri nasaha siitaji jina manake kuna mahali nitaisema vibaya na dada aliyekua ananihudumia alikua mtu mzuri sana, shida ni walioitengeneza. Nilianza kuitumia 2020 hapa Mombasa, na kwa vile watu bado wanauliza kama huduma za ushauri nasaha mtandaoni zinafaa ama ni kula hela za watu tu, mie nasema zinafaa, lakini inategemea nyumba unayoishi.

Mnakumbuka ilivyokua. Mwisho wa mwezi wa tatu ndege za nje zikasimamishwa, sisi wa mahoteli hapo ndo tukaambiwa nendeni likizo bila malipo mpaka mtakapoitwa. Kafyu nayo ikaanza, saa moja jioni uwe ndani. Aprili Mombasa ikafungwa hutoki huingii, Mei wakafunga Mji wa Kale peke yake na shangazi yangu yuko humo, na kila siku waziri wa afya wa wakati ule, Kagwe, anasoma idadi ya walioambukizwa, nyumba nzima kimya tunasikiliza. Usingizi ukaniruka, saa nane usiku moyo unaenda mbio bila sababu, jirani akikohoa basi mie najua tumekwisha.

Sa ukijiunga kitu cha kwanza ni roboti. Inakupa yale maswali 9 ya kupima depresheni, kwamba wiki 2 zilizopita umekosa usingizi, umekosa hamu ya kula, unajibu 0 mpaka 3, yote kwa Kiingereza. Nikamaliza ikanishauri nitoke nikatembee bustanini nipate hewa. Saa tatu usiku, kafyu, na polisi wale tunaowajua! Nilicheka peke yangu, labda hiyo ndo ilikua dawa.

Halafu lile swali la 9 linauliza kama wiki hizo 2 umekua ukiona heri ufe. Wakati ule kujaribu kujiua Kenya ilikua kosa la jinai, kifungu cha 226, Mahakama Kuu imekuja kusema kinakiuka katiba Januari 2025. Sa nani ataandika ukweli hapo kwa apu yenye namba yake ya simu? Hawakua wameeleza popote majibu yanaenda wapi, ilibidi nimuulize kaunsela mwenyewe ndo akanifafanulia nani anaona na nani haoni. Hilo wangeliandika pale mwanzo kabisa, tena kwa Kiswahili.

Vidio ndo ilinishinda. Sisi ni vyumba viwili, mama yuko, wadogo zangu shule zimefungwa wako, ukuta wa jirani unasikia mpaka anavyokoroga chai. Kaunsela ananiuliza "dadangu, uko mahali pa faragha?" Faragha ya wapi? Nikajaribu bafuni, ni la wapangaji wote, mtu anagonga anataka kuoga. Nikarudi ndani nikaongea kwa sauti ya chini, mama akaniuliza "ni nani huyo unamwambia mambo ya nyumba yetu?" na bando nalo likakata katikati, ukiunganisha tena dakika zako zimeenda na hawarudishi.

Nikahamia chati na hapo ndo nikaona faida yake. Naandika niko katikati ya watu, wanadhani napiga soga tu. Na ukiamka usiku unasoma tena alichokuambia, vidio haina hiyo. Aliniambia hofu niitengee muda wake, nusu saa jioni niwaze yote nitakayo, ikija saa nyingine niiandike niiambie ngoja. Usingizi usipokuja kama dakika 20 niinuke kitandani nisijilazimishe. Na ile taarifa ya kila siku niiache, kama kuna kitu kikubwa nitaambiwa tu. Nilidhani ni mambo madogo ya kulipia bure, lakini usingizi ulirudi pole pole, sio wote ila ulirudi.

Ubaya wa chati ni kusubiri. Unaandika asubuhi unajibiwa jioni, na kuna wakati walinibadilishia mshauri bila kuniambia nikaanza hadithi yangu upya na mtu nisiyemjua, hapo nilikasirika kweli. Malipo mwanzoni walitaka kadi, M-Pesa ikaja baadaye. Kaka yangu ndo alikua ananitumia hela, bahati wakati ule kutuma mpaka 1000 kulikua hakuna makato.

Mtu aliyezidiwa usiku huo huo hii si yake, wenyewe wameandika kwa herufi ndogo kule chini kua sio huduma ya dharura. Msalaba Mwekundu wana namba ya simu 1199, ni bure na unaongea na mtu. Wengine mkitaka kujaribu chati, kabla hamjalipa ulizeni mambo mawili: mshauri anajua Kiswahili? na mtabaki naye mpaka mwisho?