Mikumi na mtoto wa miaka mitatu: tulichokiona na tulicholipia

Tulikuwa watano: mimi, baba watoto, bibi yao, binti yetu wa miaka saba na mdogo wake wa miaka mitatu na nusu. Tulitoka Tabata Ijumaa alfajiri, likizo ya Juni 2025, tukarudi Jumapili usiku. Siku tatu, kulala mara mbili, Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Kampuni moja ya hapa hapa Dar ilituandalia kila kitu kwa shilingi 1,850,000: gari lenye paa la kupandisha, dereva anayeijua hifadhi, chumba cha familia, chakula na viingilio. Treni tulijilipia wenyewe.

Kabla ya kwenda nilitafuta sana mzazi Mtanzania aliyewahi kwenda mbugani na mtoto wa umri huu. Nilikuta picha za simba tele, ila hakuna aliyeeleza mtoto alikula nini, alilala saa ngapi, wala alikojoa wapi. Kwa hiyo naandika mambo hayo.

Kwa nini Mikumi? Serengeti tumeiweka akiba, watoto wakue kwanza, maana ama upande ndege ama ukae barabarani siku nzima na zaidi. Hifadhi ya Nyerere nilivutiwa nayo kwa ajili ya safari ya boti, ila mwanangu wa mwisho ni wa kusimama na kuinama kila dakika, na mto wa huko una mamba na viboko. Moyo ulikataa. Mikumi iko karibu na ina tambarare wazi ya Mkata, mahali ambapo mtoto anaona mnyama bila kuelekezwa kwa dakika kumi.

Treni ya umeme ndiyo iliyotufanya tuthubutu. Tangu ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro, Juni 2024, tulikuwa tumeshaipanda mara moja kwenda kwenye msiba, na niliona tofauti kwa mdogo. Kwa basi yeye hutapika tukifika Chalinze, kila safari. Foleni ya Kimara, malori ya Mlandizi, joto, tunafika Morogoro saa nne au tano baadaye wote tumechoka. Kwa treni ni kama saa mbili hivi, meza ipo, choo kipo, na watoto wanaweza kusimama dirishani. Daraja la kawaida ni shilingi 13,000 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto. Wa chini ya miaka minne hakulipiwa. Fika mapema tu, mizigo inakaguliwa na vitambulisho vinaangaliwa, na muda ukifika treni inaondoka.

Tatizo la kwanza lilitusubiri nje ya stesheni ya Morogoro. Baba watoto alikuwa ameiandikia kampuni mara mbili kwamba tunahitaji viti vya watoto vya gari, viwili, akajibiwa kwamba vipo. Gari lilikuja bila hata kimoja. Dereva akapiga simu ofisini, akaambiwa mtoto apakatwe, ni mwendo mfupi. Nilikataa. Kutoka Morogoro hadi getini ni kama kilomita 100, kwenye barabara kuu ile ile ya malori yanayokwenda Tunduma na Zambia, na nimeshaona ajali za barabara ile. Tulikaa kwenye kivuli cha stesheni saa moja na nusu mpaka dereva akapata kiti kimoja kwa jamaa yake mjini, mkubwa akafungwa mkanda juu ya mto wa kukalia. Mzazi mwenzangu, kama una kiti chako nyumbani, kibebe. Usitegemee ahadi.

Dereva mwenyewe, sasa, ndiye aliyeiokoa safari. Mtu mzima mwenye mvi, watoto walimwamkia shikamoo wakaanza kumwita Babu Dereva hapo hapo. Swali lake la kwanza kwangu, kabla hata hatujapakia mabegi: "Dada, huyu mdogo huwa analala saa ngapi mchana?" Nikamwambia saa sita na nusu. Akachukua karatasi ya ratiba tuliyopewa na ofisi, iliyosema Jumamosi tutazunguka hifadhini tangu saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni na chakula cha boksi saa 8, akaikunja akaiweka kwenye droo ya gari. "Hii ni ya watu wazima," akasema. Tulizunguka saa 12 asubuhi hadi saa 4 kasoro, tukarudi kula na kulala, tukaingia tena saa 10 jioni. Alitueleza kwamba hatupotezi kitu, kwani jua likishapanda wanyama nao wanajilaza kivulini.

Kama kuna jambo moja utakalolichukua kwenye uzoefu wangu, chukua hilo. Mdogo angekaa garini saa kumi na mbili, sote tungelia.

Barabara kuu yenyewe inapita ndani ya hifadhi kwa kilomita kama 50, na vibao vya faini kwa anayegonga mnyama vimepangwa pembeni. Hivyo tuliona tembo kabla hata ya kufika getini. Walikuwa sita, mmoja mdogo kabisa, anatembea katikati ya miguu ya mama yake. Bibi ana miaka 64, amezaliwa Kisarawe, na hakuwahi kumwona tembo. Alishika kifua, akanyamaza mpaka walipoingia vichakani, kisha akasema taratibu, "Subhanallah, na yeye ananyonya." Babu Dereva akatuambia mimba ya tembo ni miezi 22 na mtoto huzaliwa na uzito wa kama kilo 100. Binti yetu alifanya hesabu kimya kimya halafu akauliza kama mama tembo huwa anachoka. Huwa anachoka, Babu akamjibu, ndiyo maana dada na shangazi wanamsaidia kulea.

Getini malipo ni kwa namba ya malipo, hakuna fedha taslimu, na mwananchi aonyeshe kitambulisho. Kiingilio cha Mtanzania mtu mzima ni shilingi 5,000 kabla ya VAT, mtoto wa miaka mitano hadi kumi na mitano 2,000, na chini ya miaka mitano ni bure. Kibao nilikisoma mara mbili, kwa sababu ankara ya kampuni ilikuwa na viingilio vya watoto wawili, tena kwa bei kubwa kuliko hiyo. Nililifuatilia baada ya kurudi. Walirejesha, ila baada ya wiki tatu za simu, na fedha ndogo kama ile ilinionyesha jinsi wanavyomchukulia mteja wa ndani asiyeuliza.

Sasa watoto waliona nini. Mkubwa alitaka simba tangu nyumbani. Tulimwona Jumamosi asubuhi, jike, amelala chini ya mti mbali na barabara, na Juni nyasi bado ndefu kutokana na mvua za masika. Kwa darubini binti aliona masikio na tumbo likipanda na kushuka. Mdogo hakuona kitu, na hakujali. Ukiwa na mtoto mdogo usiwalipe watu ziada ya kumtafuta simba. Mtoto wa miaka mitatu hajui kwamba simba ni mkubwa kuliko wengine kwa sifa.

Alichokipenda yeye ni mende anayesukuma mpira wa kinyesi cha tembo. Mende yule alikuwa anavuka njia yetu ya vumbi, anasukuma kwa miguu ya nyuma, kichwa chini, mpira unamzidi yeye mwenyewe. Babu alizima gari. Nadhani tulikaa dakika kumi na tano. Gari jingine la watalii lilitupita, wakasimama wakidhani kuna chui. Mpira uliteremka kwenye alama ya tairi, mende akaanguka nao, akaanza upya, na mwanangu akapiga kelele za kumtia moyo: "Sukuma! Sukuma!" Kwa kawaida hifadhini hatupigi kelele, na nilitaka kumnyamazisha, lakini Babu akaniambia hapa hakuna wa kumtisha, mwache. Hakuna dereva wa ratiba ile ya karatasi ambaye angesimama kwa mende. Na ukichanganya familia na watu wengine kwenye gari moja ili kupunguza gharama, hutasimama pia. Lipia gari peke yenu. Hapo sibanii hata senti.

Twiga tuliwaona wengi, karibu kiasi cha kusikia wakitafuna majani ya migunga. Babu akawaambia watoto shingo yote ile ina mifupa saba tu, sawasawa na ya kwao. Hawakuamini. Binti alianza kupapasa shingo ya bibi yake kwa nyuma, anahesabu, bibi ameinamisha kichwa kwa utii kabisa, anafika tano anapotea, anaanza tena. Pundamilia, nyumbu, swala pala na ngiri walikuwa kila mahali, na nyati kwa mbali. Bwawa la viboko ni pahala pazuri kwa watoto kwa sababu pale unaruhusiwa kushuka na kunyoosha miguu, ila mshike mkono mwanao muda wote na usiukaribie ukingo.

Nyani ni habari nyingine. Jumamosi jioni tulisimama kula ndizi na maandazi garini, paa likiwa wazi, kosa letu. Dume moja liliruka juu ya boneti, likapanda hadi kwenye paa, likaingiza mkono. Babu alifunga na kulifukuza upesi, hakuna aliyeumia, ila mdogo alitetemeka na usiku aliamka akilia mara mbili. Chakula kiliwe madirisha na paa vimefungwa, na mabaki yasionekane. Wala usimrushie nyani chochote ili mtoto acheke, maana ndivyo walivyojifunza kupora.

Nguo nilikosea. Nilimnunulia mdogo fulana mpya ya bluu yenye picha ya tembo, naye akaivaa kwa furaha. Tulipoingia sehemu yenye miti mingi, mbung'o walimfuata yeye kuliko sote. Wanavutwa na bluu na nyeusi, na ndiyo sababu ya vile vitambaa vya rangi hizo vilivyotundikwa mitini, ni mitego yao. Wanauma, na kanzu nyepesi haiwazuii. Tulimbadilisha akavaa shati la kaki la dada yake likiwa limemfika magotini, tukafunga madirisha mpaka tulipotoka kwenye miti. Beba kaki, kahawia, kijani kilichofifia. Na masweta, kwa sababu Juni alfajiri ya Mikumi ina baridi ambayo mtoto wa Dar haijui.

Malazi yalikuwa nje kidogo ya geti. Chumba cha familia kilikuwa chumba cha watu wawili kilichoongezwa godoro moja. Safi, maji ya moto yapo, lakini chandarua kilikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Tulitundika cha kwetu tulichobeba, na ninashauri kila mtu afanye hivyo, mbu wa malaria wapo. Chakula cha usiku kilipangwa saa 2, wakati huo watoto wameshalala na njaa. Siku ya pili nilikwenda mwenyewe jikoni mchana, kabla hatujarudi hifadhini, nikaongea na mpishi kwa adabu, akanipikia wali na maharage vikawa mezani saa 12 na nusu. Alifurahi hata kuombwa, na alisema wageni wengi wenye watoto hawasemi.

Choo: poti ndogo ya plastiki sakafuni mwa gari, mifuko ya kufungia, na maji ya kunawa kwenye chupa. Hushuki garini kwa ajili ya mtoto kukojoa, hata akilia. Nilimrudishia pampasi kwa siku hizo mbili za mzunguko ingawa alishaacha, na hakuna madhara yaliyotokea.

Je, ningekwenda tena? Ndiyo, na hata mtoto akiwa na miaka mitatu. Chini ya miwili ningesubiri. Kampuni ile sitairudia. Ilituuzia safari ya familia ambayo maandalizi yake hayakumfikiria mtoto hata kidogo, kuanzia kiti mpaka saa ya chakula, na kilichokuwa kizuri kililetwa na mtu mmoja aliyeajiriwa kwa siku tatu.

Huyo namba yake ninayo. Ana gari la kukodi la rafiki yake, na tumepanga naye moja kwa moja likizo fupi ya muhula wa pili, nyasi zikiwa zimekauka, ili binti apate simba wake. Nilipompigia wiki iliyopita kuthibitisha tarehe, tulisalimiana, akaulizia afya ya bibi, kisha akauliza: "Na yule wa mende, siku hizi analala saa ngapi?"