Mlezi wa veterani aliyeumia ubongo: mpango wenye posho au usio na posho?

Nchini Marekani, familia inayomuuguza askari mstaafu aliyeumia ubongo ina milango miwili kwenye Idara ya Maveterani, VA. Wengi hukimbilia wenye posho, na siwalaumu.

Mpango huo, uliotokana na sheria ya 2010, humpa mlezi mkuu posho ya kila mwezi, bima ya afya kama hana nyingine, na angalau siku 30 kwa mwaka za kupokewa zamu apumzike. Tangu Oktoba 2022 uko wazi kwa maveterani wa vipindi vyote vya utumishi jeshini. Kazi iko kwenye masharti: ulemavu uliotokana na utumishi ufikie asilimia 70 kwa kipimo cha VA, na uhitaji wa kuhudumiwa ana kwa ana udumu angalau miezi 6 mfululizo. Jeraha la ubongo huponza watu hapa. Baba anaoga na kuvaa mwenyewe, mbele ya mtathmini anaongea vizuri kabisa. Nyumbani anaacha jiko likiwaka na kumeza dawa mara mbili. Kuhitaji kusimamiwa nako kunahesabika, kwa hiyo yaandike matukio hayo, na tarehe zake, kabla ya tathmini.

Mpango wa jumla hauna posho, ila hauna pia kigezo cha asilimia. Veterani akishasajiliwa VA, unazungumza na mratibu wa walezi, unapata mafunzo, ushauri na walezi wenzako wa kuongea nao.

Mimi ningeingia huu wa pili mara moja, huku maombi ya ule wa kwanza yakisubiri majibu.