Duka la Nyuzi Lililopangwa kwa Unene: Tathmini ya Mteja Kutoka Njombe

Duka ninalolitathmini ni chumba kimoja cha mbele ya nyumba, si mbali na soko la Njombe, na upana wake hauzidi mita tatu kwa nne. Pembe moja imechukuliwa na mashine ya kufumia masweta ya shule, nyingine na kiti cha mwenye duka, na nafasi iliyobaki ndiyo inayobeba nyuzi zote: za watoto wachanga, za masweta ya wakubwa, za vitambaa vya makochi, pamoja na koni kubwa za mashine. Nilifika hapo mwezi Juni, baridi ilipokuwa imeshika kweli, nikitafuta madonge manne ya rangi ya damu ya mzee kwa ajili ya sweta la mpwa wangu, na nilichokiona kimenifanya nirudi mara tatu kabla ya kuandika.

Maduka mengi ya nyuzi hupanga kwa rangi. Ukiingia unakutana na ukuta unaoanzia kwenye samli na njano, ukapita kwenye chungwa na nyekundu, ukaishia kwenye zambarau na nyeusi, na macho hufurahi kweli. Ubaya wake huonekana nyumbani. Katika duka moja la mji mwingine niliwahi kununua madonge mawili ya samawati yaliyolala ubavu kwa ubavu, nikaamini ni mamoja, kumbe moja lilikuwa jembamba zaidi. Mkono wa kushoto wa sweta ukatoka mfupi kuliko wa kulia, na nikaufumua wote. Rangi ndiyo inayomvuta mnunuzi, lakini unene wa uzi ndio unaoamua sindano, idadi ya vishono na ukubwa wa vazi.

Hapa unene umetangulia. Ukuta wa kushoto una nyuzi nyembamba, wa katikati una nyuzi za unene wa kati, ambazo ndizo zinazouzwa zaidi, na wa kulia una zile nene za mashali na kofia. Ndani ya kila ukuta ndipo rangi zinapopangwa kuanzia nyeupe kwenda nyeusi. Mama mwenye duka hakuniuliza nataka rangi gani. Nilipomwamkia aliitikia, kisha akauliza, “Mwanangu, sindano yako namba ngapi?” Nikamjibu kuwa namba 8, akanielekeza ukuta wa katikati bila kuinuka kwenye kiti.

Suala la sindano linastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu sijaona duka jingine lililolipanga vizuri hivi. Wengi wetu tulijifunza kwa namba za zamani za Uingereza, ambazo hupanda kadiri sindano inavyozidi kuwa nyembamba: namba 10 ni milimita 3.25, namba 8 ni milimita 4, na namba 6 ni milimita 5. Sindano mpya nyingi huandikwa milimita, na zile zinazofuata vipimo vya Marekani zina namba zinazokwenda kinyume kabisa, hata namba 8 ya huko ikawa milimita 5. Anayesoma maelezo ya Kimarekani huku ameshika sindano ya bibi yake atapata sweta la mwanasesere. Katika duka hili sindano hazikurundikwa kwenye kopo moja kama ilivyo kawaida, bali zimening’inizwa chini ya nyuzi zinazozifaa, na juu ya kila fungu kuna kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu nene namba ya zamani na milimita zake. Kazi hiyo haikugharimu chochote zaidi ya wino.

Rafu zenyewe ni makasha ya mbao ya kusafirishia nyanya, yaliyolazwa ubavu na kupandanishwa hadi karibu na dari. Yamepigwa msasa hadi ndani kwenye pembe, na nilipitisha kiganja makusudi ili kutafuta kibanzi, kwa sababu kibanzi kimoja kinatosha kuharibu uzi wa sufu. Kikaratasi cha kila donge kimegeuzwa mbele, hivyo gramu, urefu na namba ya sindano vinasomeka bila kuvuta donge nje.

Mbele ya kila kasha kumefungwa kipande kilichofumwa kwa uzi uliomo ndani, cha sentimita 10 kwa 10. Mteja hushika kipande hicho badala ya kuminyaminya madonge, na anaona uzi unavyotokea ukishafumwa, jambo ambalo donge haliwezi kulionyesha, hasa kwa nyuzi za rangi mchanganyiko. Mama anasema kila kipande amekifua kwanza. Niliamini, kwa kuwa vichache vilikuwa vimeota vinyweleo, na hakuvificha.

Sasa kasoro. Dirishani, penye jua kali la mchana, ameweka nyuzi za pamba na sufu za rangi zinazong’aa zaidi. Niligeuza donge moja la zambarau nikakuta mgongo wake umekolea na uso wake umepauka. Akriliki, yaani uzi wa kutengenezwa kiwandani usiotokana na mmea wala mnyama, huvumilia jua vizuri zaidi, na ndiyo iliyopaswa kukaa hapo. Nilipomweleza, alicheka akasema dirishani ndipo wapita njia wanapotazama. Hilo ni kweli, ila masweta yaliyokwisha fumwa yangewavuta hao hao bila kuharibu mali.

Kasoro kubwa zaidi ni mikupuo ya rangi. Kiwandani uzi hutiwa rangi kwa mikupuo, na mkupuo mmoja hutofautiana kidogo na mwingine hata rangi ikiwa na jina lile lile, ndiyo maana kila kikaratasi huwa na namba yake. Katika kasha la damu ya mzee mzigo mpya ulikuwa umewekwa juu ya ule wa zamani bila alama yoyote. Madonge yangu matatu yalikuwa na namba moja, la nne lilikuwa na nyingine. Chini ya taa sikuona tofauti; nilipoyatoa mlangoni, lile la nne lilielekea kwenye kahawia. Utepe wa karatasi kati ya mkupuo na mkupuo ungemaliza tatizo, na kwa duka lililofikiria hadi namba za sindano, kukosekana kwake kunashangaza.

Hata hivyo mama hakubishana. Alipanda kwenye kigoda, akateremsha bunda ambalo lilikuwa bado limefungwa kwenye karatasi ya nailoni, akasoma namba moja moja hadi akalipata donge linalolingana na yangu. Kama unakwenda kutafuta uzi wa kumalizia kazi iliyokwisha anzwa, chukua kikaratasi cha donge la kwanza pamoja na sindano unayoitumia, na ufike kabla ya saa sita mchana, wakati mlango wake bado unapata mwanga mzuri wa kulinganishia rangi.