Chumba cha kazi nyuma ya ngome: mbaazi safi, viti balaa

Nyumba haina kibao. Ukiipa Ngome ya Lamu mgongo, ingia vichochoro vya kuelekea mtaa wa Mkomani, uulize kwa mama wa mahamri. Punda wakikuziba njia subiri, wao ndio wenye mji. Orofani mama huyo ameweka meza nne na intaneti. Unalipa shilingi 300 kutwa, chai ya kwanza imo humo.

Mimi ni mtumishi wa serikali. Ofisi yetu iko ng'ambo ya maji, Mokowe, na kwangu ni mtaa wa Langoni, hapa Lamu. Asubuhi boti, jioni boti. Msimu wa kusi nafika kazini buibui limerowa. Likizo ya uzazi ya miezi 3 ilipokwisha, nilirudi mtoto bado ananyonya. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri aweke mahali pa kunyonyeshea. Kwetu mahali hapo palikuwa stoo ya mafaili, kitasa kibovu. Nikamwomba mkubwa wangu siku mbili kwa juma nifanyie kazi upande huu wa maji. Kwa mdomo alikubali. Kwa maandishi, nasubiri.

Nyumbani nilishajaribu. Machi 2020, Rais Uhuru Kenyatta alipotaka wanaoweza wafanyie kazi majumbani, niliandikia ripoti jikoni, na kila jirani aliyepita akipiga hodi: "Leo huendi kazini?" Ukionekana nyumbani hakuna anayeamini una kazi, hata mume. Ndiyo maana nalipa.

Sasa chumba chenyewe. Ni nyumba ya kale ya mawe, kuta nene, hata joto la Februari halikusumbui. Zile zidaka za ukutani ambamo bibi yake mwenye nyumba alipanga vyombo vya kauri, leo watu huwekea simu zikichajiwa. Lakini kilichonifunga hapa ni ndani, kile chumba cha mwisho kabisa, chenye pazia na kitanda cha kamba. Saa nne mama yangu huniletea mtoto, naingia naye huko, baada ya nusu saa narudi mezani. Siku ya kwanza nilitoa pesa ya ziada. Mwenye nyumba akaisukuma: "Mwanangu, maziwa hayo si yangu hata niyauze."

Viti, jamani. Ni vya plastiki na vifupi kuliko meza. Ikifika adhuhuri mgongo unalia. Intaneti inakimbia asubuhi, ila wageni wa Ulaya wakishaamka na kuanza simu zao za video, kutuma faili moja ni kazi ya kunywa chai mbili. Umeme ukikatika hakuna jenereta. Na saa saba mama mwenye nyumba anafunga: aswali, ale, alale, afungue saa tisa. Mapumziko yangu ya kazi ni ya saa moja tu, kwa hiyo ile saa ya pili mimi hukaa barazani, kompyuta mapajani, wazee wa bao wakinitazama kama niliyefukuzwa kwangu.

Mbaazi za nazi usizikose. Juisi ya ukwaju ni sukari tupu.

Yapo ambayo mama huyu hawezi kunitengenezea. Barua ikitaka mhuri, mhuri uko Mokowe. Juma lililopita nilivuka kwa ajili ya mhuri mmoja. Na mkubwa wangu, tangu aniruhusu, anaona siku yangu haina jioni. Saa mbili usiku simu inalia: "Uko?" Binamu yangu aliyeko Uingereza anasema huko, tangu Aprili 2024, mfanyakazi anaweza kuomba mpango kama huu tangu siku yake ya kwanza kazini, na mwajiri hutakiwa kutoa jibu ndani ya miezi 2. Barua yangu imefikisha mitano.

Hata hivyo nitaendelea kuja. Siku za Mokowe, saa kumi na moja na robo bado nimekaa botini tukingoja ijae. Siku za hapa, saa hiyo nishavua viatu na mtoto yuko kifuani.

Nyota nne. Ya tano nimeiweka mpaka viti vya mbao alivyoahidi vifike. Jumanne nakuja na mto wangu.