Kamera mita 28 kutoka kwenye laptopu: uzoefu wangu na visanduku vya kurefusha USB

Msikitini kwetu, Ngamiani hapa Tanga, kila Jumatano baada ya magharibi kuna darsa. Ndugu zetu walioko Muscat wanaifuatilia kwa simu, na kazi ya kuirusha iliniangukia mimi kwa sababu tu nilionekana siku moja nimebeba laptopu. Kamera inakaa kwenye nguzo ya mbele, karibu na mihrabu. Laptopu inakaa chumba cha nyuma, penye miksa ya sauti na ruta. Nilipima kwa futi ya fundi, nikifuata kona zote waya utakazopita, nikapata mita 28.

Kamera yenyewe ni ya USB, ya picha kali (1080p), na hapo ndipo shida ilipo. Waya wa USB 2.0 unatakiwa usizidi mita 5. Nilidhani ni suala la nguvu tu, kwamba ukipata waya mnene mambo yanakwisha. Kumbe ni suala la muda. Kompyuta ikiuliza, inataka jibu ndani ya kama maikrosekunde moja na nusu, na katika muda huo waya umegawiwa nanosekunde 26 tu za kwenda, ambazo mita 5 zinazimaliza karibu zote. Jibu likichelewa, kompyuta inahesabu kuwa kifaa hakipo. Ndiyo maana kuunga waya kwa waya hakusaidii hata ukitumia shaba ya mkononi mwa bibi harusi.

Kosa langu la kwanza lilinigharimu shilingi 15,000. Nilinunua vile vipachiko viwili vidogo, upande mmoja USB, upande wa pili tundu la RJ45 (lile la waya wa mtandao), katikati unaweka waya wa mtandao. Paketi imeandikwa mita 50. Dukani muuzaji alichomeka mausi, mshale ukatembea, nikalipa. Sikujiuliza kwamba mausi inatumia Mbps 1.5 (megabiti kwa sekunde) wakati kamera yangu inataka njia ya Mbps 480. Ndani ya vipachiko hivyo hamna chipu wala umeme, ni nyaya tu zimeunganishwa na nyaya. Nilipofika msikitini laptopu ikaniambia kifaa hakitambuliki, na haikubadili kauli usiku kucha. Kwa mausi au kibodi ya chumba cha pili huenda vikakufaa. Kwa kamera, kaa navyo mbali.

Mara ya pili niliagiza Kariakoo visanduku vyenye chipu, vikaja na basi. Viwili, vyeusi, vya bati, kila kimoja kama pakiti ya sigara iliyonona. Kimoja kinakaa kwenye laptopu. Cha pili kinakaa kwenye kamera, kina tundu nne za USB na adapta yake ya umeme. Katikati unapita waya wa mtandao wa daraja la Cat5e au Cat6, mwisho mita 50. Ujanja wake ni kwamba kisanduku cha upande wa laptopu kinaijibu kompyuta papo hapo kwa niaba ya kamera, huku kikienda kuleta data kwa mwenzake. Hakuna draiva ya kuweka. Nililipa 180,000, na niliona uchungu.

Usiku wa kwanza picha ilikuja, ikakaa dakika mbili, ikaganda. Ikarudi. Ikaganda tena. Muadhini wetu, mzee wa utani, akachungulia kwenye skrini akasema, "Mwanangu, shekhe anahubiri mdomo umefungwa, hiyo ni karama." Nilivilaumu visanduku, nikamlaumu aliyeniuzia, na nilikuwa nimeshaanza kumwandikia ujumbe wa kurudisha mzigo.

Kosa lilikuwa mkononi mwangu. Vichwa vya RJ45 nilivibana mwenyewe, na nyaya nane za ndani, ambazo zimesokotwa mbili mbili, nilizipanga kwa jinsi rangi zinavyopendeza macho: machungwa na mwenziwe, kijani na mwenziwe, bluu na mwenziwe, kahawia na mwenziwe. Pande zote mbili sawasawa. Kipimio cha waya kikawasha taa zote nane, nikatulia. Lakini kipimio cha bei rahisi kinaangalia tu kama umeme unapita, hakijui waya gani umesokotwa na upi. Mpangilio sahihi unaipanua jozi ya kijani: machungwa-nyeupe, machungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Wa tatu na wa sita lazima watoke kwenye msokoto mmoja, kwa sababu msokoto huo ndio unaozuia kelele za nyaya za jirani. Mimi nilikuwa nimeoanisha kijani-nyeupe na bluu. Nikakata vichwa, nikabana upya nikiwa nimekaa juu ya ngazi, na tangu hapo picha haijaganda kwa sababu ya waya.

Ukinunua waya, kwangua ncha kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Mrejeshee muuzaji.

Jumatano iliyofuata picha ilikatika ghafla katikati ya dua. Nikakimbia mbele, na nilipofika nikakuta feni nayo imesimama. Soketi ya ile nguzo inatawaliwa na swichi moja na feni, na mzee mmoja alihisi baridi. Adapta ya kisanduku cha mbele sasa ina soketi yake juu, watu wasipofikia. Usidhani unaweza kuiacha adapta ndani ya boksi: kamera inakula umeme wa USB, na umeme huo hautoki kwenye laptopu ukasafiri mita 28 ukafika salama.

Kero zilizobaki ni hizi. Umeme ukikatika na kurudi, mara nyingine kamera haiamki mpaka nichomoe waya wa USB kwenye laptopu na kuurudisha. Zile tundu nne zinagawana njia ileile moja, kwa hiyo nilipojaribu kuongeza kamera ya pili zote mbili zilianza kukwama. Na kwa kuwa waya unafanana kabisa na wa intaneti, kijana mmoja aliutia kwenye ruta akidhani ananisaidia. Si mtandao ule, ni USB iliyovaa nguo za mtandao. Kwenye swichi ya mtandao inayotuma umeme kwenye waya, kisanduku kingeweza kuungua. Sasa nimeuzungushia tepu nyekundu.

Kama waya wako unatoka jengo moja kwenda jingine, mimi nisingetumia shaba kabisa, kwa sababu ya radi na tofauti za ethi (waya wa ardhini) kati ya majengo. Hapo tafuta visanduku vya faiba, yaani waya unaopitisha mwanga badala ya umeme.

Jirani yangu mwenye steshenari aliviona akataka seti yake, printa ikae chumba cha nyuma. Nikamwambia, "Kaka, igeuze kwanza hiyo printa." Mgongoni kulikuwa na tundu la RJ45 ambalo hajawahi kuligusa. Printa ya namna hiyo unaichomeka kwenye ruta kwa waya wa mtandao, ambao unafika hadi mita 100, na 180,000 yako inabaki mfukoni. Alinilipa kwa soda.

Visanduku vyangu mimi nimevipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeizuia kwa ajili ya adapta, ambayo waya wake ni mfupi kama mkia wa mbuzi. Nimeshaagiza ya akiba.