Adapta za Waifai kwa Linux: Ipi Ununue, Ipi Uikwepe

Adapta mbili za jina moja na boksi moja zinaweza kubeba chipu tofauti kabisa. Dalili pekee huwa ni "V2" au "V3" iliyoandikwa kwa maandishi madogo kwenye lebo. Linux huangalia chipu, kwa hiyo kabla ya kulipa ijue namba yake, na ujue toleo la kerneli yako (kiini cha Linux) kwa `uname -r`. Muuzaji akiwa hajui chipu, omba adapta ichomekwe kwenye mashine ya Linux, kisha andika `lsusb`, amri inayoorodhesha vifaa vya USB. Utambulisho kama 0e8d:7612 utakuambia ukweli kuliko boksi.

1. Intel AX210. Kama kompyuta ina tundu la M.2 (nafasi ndogo ya kadi kwenye ubao mama) la kadi ya waifai, usihangaike na USB. Kadi hii inahitaji kerneli 5.10 au mpya zaidi. Usiichanganye na AX211: umbo ni lilelile, ila AX211 hutegemea sehemu iliyomo ndani ya majukwaa ya Intel, na kwenye mashine ya AMD haitaonekana kabisa. Baadhi ya laptopu za zamani pia hukataa kadi isiyo kwenye orodha ya BIOS yao. Ukinunua iliyofungwa kwenye kadi ya PCIe, chomeka na ule waya mdogo wa USB kwenye ubao mama. Bila huo waifai itafanya kazi, lakini Bluetooth haitaonekana.

2. MediaTek MT7921AU. Hii ndiyo USB bora ya Waifai 6, mradi kerneli iwe 5.18 kwenda juu.

3. MediaTek MT7612U. Ni Waifai 5, na draiva yake (programu inayoiendesha) imo ndani ya Linux tangu kerneli 4.19. Kwa matumizi ya kawaida inatosha, na kwa mfumo wa zamani ningeichagua kabla ya namba 2.

4. Realtek RTL8812BU. Inakubalika kuanzia kerneli 6.2. Nyingi hujitambulisha kwanza kama CD yenye draiva za Windows. Amri ya `lsusb` ikionyesha 0bda:1a2b, sakinisha usb-modeswitch, inayoitoa kwenye hali ya CD, chomoa, chomeka tena.

5. Atheros AR9271. Ya zamani, 2.4 GHz tu, mwisho 150 Mbps. Inafaa kwa mashine kongwe.

Ya kukwepa ni RTL8812AU na RTL8811AU kwenye kerneli iliyo chini ya 6.13. Hapo utategemea draiva ya nje kupitia DKMS (mfumo unaoijenga upya draiva kwa kila kerneli), ambayo kerneli mpya ikija huweza kugoma kujengwa, na intaneti ya kutafutia suluhisho inakuwa imekatika. Secure Boot (ulinzi wa kuwasha kompyuta unaokagua saini za programu) ikiwa imewashwa, moduli isiyosainiwa, yaani draiva hiyo, hukataliwa hata ikijengwa vizuri.

Adapta iliyochomekwa sambamba na diski ya USB 3 hupata mwingiliano wa mawimbi kwenye 2.4 GHz. Isogeze kwa waya wa kuongezea urefu, au tumia 5 GHz.

Ijaribu kabla muda wa kurudisha bidhaa haujaisha: `sudo dmesg | grep -i firmware`. Ukiona kwamba faili imeshindwa kupakiwa, kinachokosekana ni fimwea (programu inayopakiwa ndani ya adapta yenyewe): sakinisha pakiti ya linux-firmware, au pakiti za firmware ukiwa Debian. Huna intaneti? Unganisha simu kwa waya wa USB na ushiriki data yake. Hilo halihitaji adapta.